Kati ya Kituo cha Nane na cha Tisa

Asubuhi niliyoondoka nyumbani sikuwa na safari. Nilikuwa nimetumwa sabuni dukani, kijiji cha nje kidogo ya Songea, nikakuta lori limesimama linabadilishwa tairi. Nikauliza linakwenda wapi. Dereva akasema Mbinga, kufuata kahawa. Nikauliza kahawa inavunwaje, inaoshwa na nini, na kwa nini mtu aifuate mbali hivyo. Akachoka. "Panda ukaangalie mwenyewe," alisema. Nikapanda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na elimu ya darasa la tano, na mama alikuwa bado anasubiri sabuni.

Vijana wa ofisini mliponiaga, mkanipa saa ya ukutani mimi ambaye sasa sina haja ya saa, mliniomba niandike kumbukumbu za kazi. Mmoja wenu alisema nisisahau vyeo. Vyeo vimo kwenye faili langu, atakayevitaka akavisome huko. Mimi nitaandika juu ya kituo changu cha kwanza, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi, na kwa sababu alikufa pale mtu ambaye hakupaswa kufa, na sehemu ya sababu ni mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia Umatengo na malori yao, chama cha ushirika kilikuwa kinayumba, na serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Nilibeba magunia Mbinga kwa msimu mmoja. Siku moja nikipita nyuma ya ofisi ya maji nikaona kopo la bati limezungushiwa uzio kama mfungwa, na mzee amepiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mzee. Hilo kopo la nini?"

"Marahaba. La mvua."

"Kwani siku hizi mvua nayo inauzwa?"

"Siku hizi kila kitu kinauzwa," alisema bila kugeuka, "ila hiyo bado. Njoo ushike hapa."

Huyo ndiye Mzee Komba, fundi wa vipimo, mwalimu wangu wa pekee tangu darasa la tano. Alinionyesha jinsi maji ya mvua yanavyomiminwa kwenye gilasi yenye mistari, na jinsi jicho linavyotakiwa kuwa sawa na uso wa maji, maana ukitazama kutoka juu unaongeza na ukitazama kutoka chini unapunguza. Alinifundisha kuandika kwa penseli kwa sababu wino unakimbia ukilowa. Siku isiyo na mvua niliacha mstari wazi, akanirudishia daftari. "Andika sifuri. Mstari wazi unasema ulilala." Na siku moja nilipolala kweli nikabuni namba, aliijua kabla hajafika chini ya ukurasa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuanzia leo nitakuwa nahakikisha hata zile za kweli." Nimewahi kupigwa, lakini sijawahi kuumia vile.

Msomaji wa vipimo wa Lihanje alikuwa amepunguzwa kazi, na kituo kilikuwa kimya. Mzee Komba akanipeleka huko kama kibarua. Lihanje ni kijiji cha mlimani, nyumba nyingi zimekaa chini ya mteremko mrefu, halafu kijito, halafu ng'ambo yake, mahali pa tambarare, shule na kanisa la kigango. Kazi yangu ilikuwa kopo la mvua, lililokuwa kwenye uwanja wa shule, na ubao wa kupimia kina uliosimikwa kijitoni. Kila asubuhi saa tatu. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya hadi kesho yake saa tatu, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ni hatari.

Nilikaa kwa katekista, Gaudensi Ndunguru, ambaye wote walimwita Mwalimu. Padre alifika mara moja kwa mwezi kama barabara iliruhusu. Siku nyingine zote Mwalimu ndiye aliyeongoza ibada, alifundisha watoto, alizika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wanyamaze ili waisikie. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu, imeegemea mlima, na iliyofuata ilikuwa ya mdogo wake, Otmari. Otmari alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mfupi, mcheshi, na sauti yake ilisikika hadi shuleni.

"Eti Mngoni," aliniambia siku ya kwanza, "serikali imeshindwa kutuletea mbolea, sasa imetuletea mtu wa kuhesabu mvua? Ukishaihesabu utaipunguza?"

"Hapana. Nitaiandika."

"Basi niandikie na mimi. Andika: Otmari alilowa."

Tangu siku hiyo nilikuwa Bwana Mvua, na jina likanishika kijiji kizima.

Ule mlima ulikuwa na historia yake, na niliisikia mara nyingi mezani kwa Mwalimu. Zamani ulikuwa na miti. Bei ya kahawa ilipopanda na wanunuzi wakawa wanagongana mlangoni, watu waliikata. Wengine walitaka nafasi ya miche, wengine kuni za kuchomea matofali ya nyumba mpya. Otmari alikata mingi kuliko wote na alijenga nyumba nzuri kuliko zote, ya bati. Mwalimu alihubiri dhidi ya jambo hilo hadi akaonekana adui wa maendeleo. Alisema Mungu hakutuuzia mlima, ametuazima, na kitu cha kuazima hurudishwa na mpini wake. Walimsikiliza miti ilipokuwa imekwisha, kama kawaida ya wasikilizaji.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo mimi nililiona zuri na bado naliona zuri. Aliwaongoza wakachimba ngolo mteremko mzima. Kwa msiojua, ngolo ni kilimo cha Wamatengo: nyasi zinakatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unafunikwa juu yake, na katikati linabaki shimo. Mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayateremki na udongo. Yanaingia shimoni na kunywewa taratibu. Kwenye mistari wanapanda maharage, baadaye mahindi. Wazee wao walilima hivyo kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Mwalimu aliita kazi ile malipizi ya miti, na watu walichimba wakiimba.

Njia ya Msalaba ya Lihanje ilipanda mlima huohuo. Misalaba kumi na minne ya mbao ilisimikwa kutoka nyuma ya nyumba ya Mwalimu hadi karibu na kilele, na kila Ijumaa ya Kwaresima kijiji kizima kilipanda kituo kwa kituo. Ijumaa Kuu walikuja hata wa vitongoji vya mbali, watu wakajaa mteremko wote.

Mimi nilikuwa nimeazimwa futi kamba ya mita thelathini, na sikuwa na mipaka. Nilipima kanisa, nilipima ng'ombe wa mwalimu mkuu, nilipima misalaba ilivyoachana. Sikuwa na sababu. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima niliandika umbali wote nyuma ya daftari. Ijumaa ya tatu nilirudia ili kujua kama nilikosea mahali, na vituo vyote vilirudi vilevile isipokuwa kimoja. Kati ya kituo cha nane na cha tisa umbali ulikuwa umeongezeka, upana wa vidole vinne hivi.

Nilidhani ni mimi. Nikapima tena, nikavuta kamba hadi mikono ikauma. Vidole vinne. Nikaanza kupapasa kwenye maharage machanga, na nikauona: ufa mwembamba, unapita chini ya mistari ya ngolo, umejificha kwenye nyasi, unakwenda kulia na kushoto kadiri nilivyoweza kuufuata. Nilitia fimbo, ikazama yote.

Nikamwendea Mwalimu. Akaja, akautazama, akainama akautia mkono.

"Ni ardhi imekauka ikapasuka," alisema.

"Kwaresima nzima imenyesha, Mwalimu. Ninayo namba."

Alipangusa udongo mkononi. Kisha akasema neno lililonishangaza. "Usimwambie Otmari kwanza. Nataka tuseme jambo tunalolijua." Ndivyo alivyokuwa. Baadaye nilikuja kukutana na watu wenye shahada ambao hawakuwa na tabia hiyo.

Nilipima kila siku baada ya kipimo cha saa tatu. Vidole vinne vikawa sita. Mvua kubwa ya juma la tano ikaleta kiganja kizima kwa siku mbili. Msalaba wa nane ulianza kuinama, na akina mama wakaanza kunong'ona kwamba ni ishara. Walioniuliza niliwaambia ni udongo unatembea. Mama Edita, mke wa Mwalimu, aliniuliza kwa upole huku akichambua maharage, "Na wewe mwanangu unadhani Mungu akitaka kutuonya angetumia nini, kama si udongo?" Nilituma barua Mbinga.

Mzee Komba alifika Jumanne ya Juma Kuu, kwa miguu, pikipiki ameiacha barabara ilipokatika. Alipanda mlima polepole, akatembea kando ya ufa mzima, akakaa chini ya msalaba wa tisa akipangusa miwani.

"Unatembea," alisema.

Mwalimu akamweleza habari za miti na za ngolo. Mzee Komba alisikiliza hadi mwisho. "Miti ilipokatwa, mizizi ilibaki imeushika mlima," alisema. "Sasa imeoza. Na ngolo ni kilimo safi, Mwalimu, sijaona bora. Lakini mlima ukishapasuka, kila shimo ni mdomo unaounywesha. Maji yote haya yanaingia kwenye ufa."

Sijasahau uso wa Mwalimu. Ni kama alikuwa ameambiwa kwamba sala yake ndiyo iliyoleta ugonjwa.

"Tufanye nini?"

"Fungueni mashimo yaliyo karibu na ufa, maji yatoke pembeni yaende kijitoni. Zibeni ufa kwa udongo wa mfinyanzi. Na watu wasikae chini hapa hadi mvua ziishe. Wala wasipande."

"Utaanguka lini?" niliuliza mimi.

"Sijui."

"Kwa makisio?"

Alinigeukia. "Zakaria, mimi si nabii. Waambie unatembea. Waambie juma hili unatembea haraka kuliko lililopita. Usiwape siku. Ukiwapa siku wataacha kutazama mlima watazame kalenda." Kisha akaondoka siku hiyohiyo kupeleka taarifa wilayani, na ndiyo iliyokuwa sababu hakuwepo kesho yake.

Jumatano jioni, baada ya ibada, Mwalimu alinisimamisha mbele ya watu. Nilieleza vizuri. Nilikuwa na daftari, nilisoma namba. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza afisa: kwa adabu, na mawazo yao nyumbani. Mzee mmoja akasema babu yake amezikwa kwenye mlima huo, na haujawahi kusogea. Mwanamke akauliza kama kuhama Juma Kuu si kukosa imani. Mwalimu akamjibu kwamba Mungu aliyetupa imani ndiye aliyetupa macho, na hakusema tutumie kimoja tu. Nikaona wanaanza kulegea. Ndipo Otmari akasimama.

"Bwana Mvua, mimi mtu mwepesi. Niambie lini, nihame siku hiyo."

Watu wakacheka.

"Mlima hauna ratiba," nilisema.

"Aa! Basi hujui. Wewe unajua umetembea jana, hata mimi jana nilitembea. Sema lini, la sivyo tukale."

Watu walianza kuinuka. Nawaambia ukweli, kwa sababu sasa hakuna wa kunifukuza kazi. Niliona Ijumaa: mteremko wote umejaa watu, watoto begani mwa baba zao, kwaya kwenye kituo cha nane. Usiku uliotangulia nilikuwa nimechora mstari kwenye daftari, namba zangu zikipanda, nikaurefusha kwa penseli hadi mahali palipoonekana pa kutisha, na palikuwa karibu na Ijumaa. Mstari wa penseli ya mtu wa darasa la tano. Nilijua hausemi lolote. Lakini niliwaona wanakwenda mlangoni.

"Ijumaa," nilisema.

Wakasimama.

"Ijumaa Kuu?" aliuliza Otmari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Ijumaa Kuu."

Mwalimu alinitazama. Alikuwa amemsikia Mzee Komba kwa masikio yake. Angeweza kunisahihisha pale pale, na hakunisahihisha. Tuliibeba wote wawili, ile siku.

Alhamisi Mwalimu alipanda na jembe. Mnaotoka kwingine hamtaelewa. Kwa Mmatengo kubomoa ngolo yenye maharage yaliyochipua si kazi, ni kama kumvua mtu nguo sokoni. Watu walisimama chini wakitazama, hakuna aliyepanda. Alikata mstari wa kwanza kwenye shamba lake mwenyewe, maji ya matope yakatoka yakateremka pembeni. Akakata wa pili. Alipofika shamba la mdogo wake alisimama, akaita.

"Otmari! Nikate au ukate?"

Otmari alipanda. Alitukana mlima, alinitukana mimi na ukoo wangu wa Kingoni hadi babu wa tatu, lakini alikata. Jioni familia zote za chini ya mteremko zilivuka kijito na magodoro na kuku, zikalala madarasani.

Ijumaa kulikuwa na jua.

Sijawahi kuchukia jua kama siku ile. Anga lilikuwa limeoshwa. Njia ya Msalaba ilifanyika uwanja wa shule, fimbo za kuchungia zimechomekwa ardhini badala ya misalaba, na kila waliposimama kwenye kituo niliwaona wakiinua macho, si kwa fimbo, bali ng'ambo, kwenye mlima wao uliokaa kimya na kijani. Kituo cha nane. Cha tisa. Mlima haukudondosha hata jiwe. Niliomba uanguke. Mtu anayesali Ijumaa Kuu nyumba za watu zianguke, sijui anaandikwa wapi.

Otmari hakunicheka siku ile. Alisubiri Jumamosi. "Bwana Mvua," aliniita mbele ya darasa lililojaa watu, "labda mlima unafuata kalenda ya Kilutheri." Kicheko kikapasua dari. Watu walihitaji kucheka. Watoto walikuwa wanakohoa sakafuni, na maharage yalikuwa yanasinyaa kwenye ngolo zilizofunguliwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimepanda kupima. Ufa ulikuwa umesogea tena, kidogo kuliko Alhamisi kwa kuwa hapakuwa na mvua, lakini ulikuwa umesogea. Nikamwambia Mwalimu yote, hata mstari wa penseli.

"Najua," alisema. "Kesho baada ya ibada simama uwaambie. Sema: siku niliibuni, lakini ufa sikuubuni."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Halafu baadhi watabaki."

Pasaka kanisa lilijaa, watu wamevaa vizuri, nyimbo zilitikisa bati. Baada ya ibada Mwalimu alitangaza kwamba ninalo neno. Nikasimama. Niliona nyuso zinazosubiri kichekesho, na Otmari mbele kabisa akiwa na bintiye mdogo magotini, amejiandaa. Nikasema, "Bado ni vizuri kuwa waangalifu." Nikakaa.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimekuwa na miaka mingi ya kuyaboresha.

Alasiri ile walivuka kijito kurudi makwao, magodoro kichwani. Mwalimu na Mama Edita hawakurudi. Walibaki peke yao darasani kati ya madawati, Pasaka yao ikawa ugali kwenye sufuria ya kuazima. Watu walidhani ni kiburi. Nami nililala darasa la pili, na sikumtazama usoni.

Jumatatu alfajiri mvua ilianza, ile nzito isiyo na upepo. Kulipopambazuka nilipanda. Sikuhitaji futi. Msalaba wa nane ulikuwa umelala, na pale penye ufa palikuwa na ngazi, upande wa chini umeshuka hadi magotini mwangu. Kijito nilichokuwa nimekivuka kilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na chemchemi ilikuwa imefunguka mahali pasipokuwa na chemchemi. Nilishuka nikigonga milango, nikipiga kelele. Wengine walitoka. Wengine walisema nje kunanyesha.

Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na aliyeruhusiwa kuipiga ni Mwalimu peke yake. Nilimkuta mlangoni mwa darasa, koti la mvua begani.

"Mwalimu, unashuka. Ni sasa."

"Unajua, au unasema?"

"Nimeona. Ila dakika sijui. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa juma lijalo. Sijui."

Akipiga na mlima usianguke, hakuna ambaye angemsikiliza tena Lihanje, si kwa mlima, si kwa lolote. Alikuwa na miaka ishirini na mbili ya utumishi. Alichukua chuma, akapiga. Hakupiga kama anavyoita ibada. Alipiga kama mtu anayebomoa ukuta, bila kupumzika, maji yakimtiririka.

Walitoka. Si wote kwa mara moja, lakini rimu ile ilipozidi bila kukoma, milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, wakaja wakivuka maji wameshikana mikono. Mke wa Otmari alivuka na watoto wanne. Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Alikuwa anahema.

"Amesema anamaliza chai. Amesema Bwana Mvua amekosa tena, hata—"

Sikuusikia mwisho. Kwanza ilikuja harufu, ya udongo mbichi, kisha mngurumo ambao haukutoka upande wowote. Mteremko wote chini ya kituo cha tisa ulijikunja kama mkeka unaosukumwa. Nyumba ya Mwalimu iliondoka ikiwa imesimama, hatua chache, kabla ya kupotea. Nyumba ya bati ilipotea bila kuondoka. Halafu kimya, na Mwalimu bado anapiga rimu, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haijaambiwa.

Nyumba kumi na moja zilifunikwa. Aliyekufa alikuwa mmoja.

Tulimchimba siku mbili. Kwenye mazishi watu walikuwa tayari wamegawanyika. Wengine walisema ni miti. Wengine walisema mlima ulianguka kwa sababu ngolo zilibomolewa, na walinitazama mimi. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu miteremko na maji, na naamini tulipunguza uzito badala ya kuuongeza, lakini siwezi kuwaapia; mlima mmoja hauanguki mara mbili ili mtu alinganishe. Mwalimu alimzika mdogo wake mwenyewe, padre hakuweza kufika. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini.

"Mlima ulikuwa wa Mungu," alisema. "Miti tuliikata sisi. Siku tuliidai sisi, na sisi tukaitoa. Tusimtwishe Mungu mizigo yetu leo."

Alisema "tukaitoa". Mjane wa Otmari alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hapo nikasimama mbele ya kaburi na kusema yale niliyopaswa kuyasema Pasaka: kwamba Ijumaa niliibuni. Hakuna aliyecheka. Mjane alinitazama muda mrefu, kisha akafunga khanga yake upya na kuondoka.

Baadaye Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. "Mlima wa kijiji jirani nao ulikatwa miti," alisema. "Mtu atatakiwa kuwaambia, na wewe hawatakuamini. Mwambie Mzee Komba alete mwingine. Na wewe usiache kazi hii. Ukiiacha, utakuwa umemuua bure."

Nilitaka kuiacha, kusema kweli. Mbinga kulikuwa na malori yanayokwenda kila upande, na mimi nilikuwa mtu wa malori. Mzee Komba alisoma daftari langu zima mbele yangu, alipofika kwenye ule mstari wa penseli akasimama, hakuufuta. Akaandika barua fupi. Ziwani, karibu na Liuli, kulikuwa na kituo kisicho na msomaji.

Nilishuka siku mbili, nusu kwenye lori la chumvi, nusu kwa miguu. Kila kona ya barabara joto liliongezeka, migomba ikabaki nyuma, mihogo ikaanza, na ghafla Ziwa Nyasa likajitandaza pana kiasi kwamba nilisimama katikati ya barabara nikijiuliza linapimwaje. Liuli nilifika alasiri. Ilinukia usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, ulioanikwa juani. Mtu wa hospitali ya misheni alinielekeza kwa Bibi Eneri, mjane wa Kianglikana mwenye chumba cha ziada, nyumba yake iko chini ya kilima chenye mawe.

Nilimkuta anageuza usipa kwenye chanja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Lihanje."

Habari zilikuwa zimenitangulia, bila kuchoka na bila lori. Nikasema ndimi.

"Wanasema ulijua mlima utaanguka."

"Nilijua unatembea. Siku niliibuni. Mtu akafa."

Alimaliza kugeuza mstari mzima wa samaki kabla ya kusema tena. Kisha akakielekezea kidevu kile kilima nyuma ya nyumba.

"Na hiki changu kikitaka kuanguka, utaniambia?"

"Nikijua, nitakwambia."

"Na usipojua?"

"Nitakwambia sijui."

Alijifuta mikono kwenye khanga, akachukua mfuko wangu mabegani mwangu, akaingia nao ndani.